Pini za Ng'ambo ya Daraja

Dada yangu mpenzi,

Huku hatujambo. Mjomba bado anakoroma, mpaka paka amehama chumba.

Ofisini kwetu hospitalini kuna ramani ya akina mama waliofariki kwa uzazi. Miaka yote tulichomeka pini pale walipofia, zikarundikana hapahapa hospitalini. Juzi daktari mpya akasema, "Kila pini irudisheni nyumbani kwake."

Dada, laiti ungeona! Karibu zote zilivuka daraja, zikajaa mtaani kwetu, kusiko na hata zahanati. Thelathini na nane. Ya mama yetu niliichomeka mwenyewe.

Tulikulaumu kwamba ulichelewa kumleta, hadi ukatuhama. Na hao wengine thelathini na saba, nani aliwachelewesha?

Tusamehe. Njoo uione ramani hiyo.

Mdogo wako