Kibanja Kichafu

Mjukuu wangu Jovina,

Marahaba, najua umeniamkia huko uliko. Bibi yako mzima, ng'ombe kazaa, meno yangu yamebaki ya kukutania tu.

Unauliza kwa nini nilimfokea mjomba wako alipochoma maganda ya kahawa. Enzi za ujana wangu bwana shamba alikuja kijijini kwetu Ihembe, akadai kibanja changu cha migomba ni kichafu. "Fagia, choma, wageni wanakuja!" Nikachoma majani yote niliyotandaza kutunza unyevu, mjinga mimi. Wageni wakapita garini bila kushuka. Kiangazi kikaangusha migomba, tukaomba mihogo kwa majirani. Bibi yako akamwaga maganda na samadi shambani bila kuniuliza. Mikungu ikarudi, na bwana shamba naye.

"Umeweka mbolea gani?"

"Ule uchafu ulionichomesha!"

Akacheka. Mimi mpaka leo sijacheka.

Babu yako, mwenye kibanja kichafu