Mpunga Ulioiva Peke Yake

Mjukuu wangu Komora,

Nakuandikia mbele ya babu yako, shangazi zako na majirani zetu wa Idsowe. Wote wanakusalimu, na dada yako amejifungua salama.

Umeuliza kwa nini tunasita kuipokea mbegu yako ya mpunga unaowahi kuiva. Nilipokuwa msichana, mama yangu peke yake ndiye aliyekubali mbegu ya namna hiyo. Ikaiva vizuri mno, huku mashamba ya wenzetu yangali mabichi. Asubuhi tulipokwenda kuvuna, nilishtuka hata kikapu kikaniponyoka: ndege wa mto mzima walikuwa wamelifunika shamba letu, maana mahali pengine hapakuwa na punje.

Jirani akapaza sauti, "Umewaalika ndege wote wa Tana, na sisi wenzio hukutuambia!"

Mama hakucheka. Aliokota suke tupu, akasema, "Mbegu ni nzuri. Kosa ni kuiva peke yangu."

Mshtuko ule haujanitoka hadi leo. Kwa hiyo kikao hiki kimeamua: nyumba zote za Idsowe zitapanda mbegu yako kwa pamoja. Leta ya kututosha sote, au usilete hata punje.

Bibi yako