Taji ya Mzee Ouseph

Rahel, uko? Nina hasira kweli!

Ule ukuta wa nyuma ya madhabahu, niliouchora miezi minne. Kiti cha enzi, wale wazee ishirini na wanne wa Ufunuo wamepiga magoti, taji zote ziko chini. Leo Kuriakose, mwenyekiti wa kamati, kaja kuangalia, akaniambia, "Huyo wa mbele mpe sura ya marehemu baba yangu, Mzee Ouseph. Halafu mvishe taji."

Mvishe taji!

Nikamwambia, "Bwana Kuriakose, mbele za Mungu wote wanavua. Ndiyo ibada yenyewe."

Akasema, "Baba ndiye aliyejenga kanisa hili. Hawezi kukaa kichwa wazi kama kibarua."

Namtazama padri, aliyekuja naye, anitetee. Padri anatazama viatu vyake! Rahel, viatu!

Basi nikachora. Nikamvisha. Nililia juu ya ngazi, usimwambie mtu.

Jioni Kuriakose akamleta mama yake aone. Bibi yule, Ammachi Aleyamma, miaka tisini, kashikwa mkono. Akatazama weee, akauliza, "Huyu ni mume wangu?"

Kuriakose kifua mbele: "Ndiye, Ammachi."

"Wenzake wote wamevua, yeye kabaki nayo? Hata mbele ya Mungu, Ouseph?" Akanigeukia. "Binti yangu, mvue. Alinichosha na ukubwa wake miaka hamsini. Huko naye apumzike."

Kuriakose akamshika mama yake mkono, wakatoka.

Sasa niko juu tena, mara ya tatu nachora kichwa kilekile. Na padri ndiye ananishikia ngazi. Sasa hivi ndipo kapata mikono!