Kiapo Nilichokikataa

Mama Mwikali, mke wangu mpendwa,

Daktari alimwambia Mwikali, akidhani nimelala, kwamba moyo wangu umechoka na hautapona. Sikushtuka. Nilichowaza ni kwamba kuna jambo sikukuambia tangu uchaguzi ule wa kwanza wa vyama vingi. Naliandika wazi, ili walisome pia watu wa Mutomo walioacha kunywa chai kwetu, na hata wageni.

Unakumbuka nilikuwa msimamizi wa kituo cha kura, kama walimu wengi. Kaka yako Nzuki alikuwa wakala wa upinzani katika kituo hichohicho, na siku nzima alinitazama kama mtu anayemtazama fisi akipita karibu na zizi. Tulipofunga, tulitia lakiri sanduku pamoja. Nikapanda lori nalo hadi kwenye ukumbi wa kuhesabia kura. Mlangoni maafisa wakalipokea. "Mwalimu, kapumzike. Kazi yako imekwisha." Nikarudi nyumbani, ukanipakulia muthokoi.

Matokeo yalitangazwa, wapinzani wakayakataa, na kabla malalamiko hayajapoa rais akaapishwa. Tulisikiliza redioni, wewe ukipepeta ndengu uani. Nilikufafanulia kama nilivyozoea darasani: mkuu wa majaji yupo, Biblia inashikwa, kiapo kinasomwa, sahihi inatiwa, mizinga inalia. Hapo ndipo mamlaka yanapohama rasmi, hata kama kuna anayetaka kwenda kortini.

"Yanahama kutoka kwa nani?" ukauliza.

"Kutoka kwa rais."

"Yanaenda kwa nani?"

"Kwa rais."

Ulicheka hadi ungo ukakuponyoka. "Kumbe ametoa mfuko wa kushoto, akatia wa kulia, na mizinga ikapigwa! Mwalimu, hayo ndiyo unafundisha watoto wa watu?"

Nami nikacheka. Sikumbuki kama tuliwahi kucheka hivyo tena.

Jioni ile Nzuki alikuja na hakutaka kiti. Alisema kura za kituo chetu zilizosomwa ukumbini hazikufanana na watu aliowaona kwenye foleni. "Shemeji, sisemi umeiba," akasema. "Nasema uape kwamba kura zile hazikuguswa. Si kwa Biblia. Kwa kithitu."

Kwa wasomaji wasio wa kwetu: kithitu ni kiapo cha kale cha Wakamba. Anayeapa uongo hupewa misimu saba ya mvua. Kabla haijaisha, kifo huja, na mara nyingi hakianzi naye. Huanza na watu wa nyumba yake.

"Mimi ni mzee wa kanisa," nikamjibu. "Mambo hayo siyaamini."

"Kama huyaamini, yatakudhuru nini?"

Ndipo wewe, uliyesimama kwenye mlango wa jikoni, ukasema, "Yule wa Nairobi ameapa mbele ya nchi nzima. Wewe unashindwa kuapa mbele ya kaka yangu mmoja?"

Nikasema Biblia inakataza. Ukaingia jikoni.

Tangu hapo jamaa zako hawakukanyaga kwetu. Mama yako alipozikwa, ulikaa na majirani, si na mabinti wenzako. Ulirudi ukavua leso ya kichwani, ukaikunja, ukaanza kupika. Nilikungoja uniulize neno moja tu: uliiba? Hukuuliza. Nikadhani umeshajijibu. Tukaishi hivyo, mimi na magazeti yangu, wewe na mbuzi wako, tukisemezana habari za maji na karo.

Kisha ukaugua. Katika hospitali ya misheni ulinishika kidole gumba, ukasema, "Baba Mwikali, usikae na njaa." Hayo ndiyo maneno niliyobaki nayo.

Wiki hii rais ameapishwa tena, na tena kuna wanaosema wameibiwa. Nilisikiliza peke yangu. Hakukuwa na wa kuniuliza mamlaka yanatoka kwa nani. Mizinga ilipolia nilizima redio, na nyumba ikawa kubwa mno.

Siku iliyofuata Nzuki alibisha hodi.

"Shemeji, umekonda. Mtu akipiga chafya hapa utapeperuka."

"Na hiyo fimbo, inakubeba au unaibeba?"

Akaketi. Hakuugusa uji niliomsogezea. Akauliza, "Uliiba?"

Nilitaka kucheka. Miaka yote hiyo watu walitaka niape, na hakuna aliyeniuliza.

"Sikuiba, Nzuki."

"Dada yangu aliapa kwa niaba yako," akasema.

Alinieleza yote. Ulikwenda kwenu, ukisema unapeleka ndengu. Wazee walisita, kwa kuwa si kawaida mke kuapia jambo la mumewe. Ukawaambia, "Mume wangu ninamjua kuliko nyinyi." Ukaapa kwa kithitu kwamba kura zile hazikuguswa. Wakakuamuru ukae kimya. Misimu saba ikipita salama, wangekuja kwetu na mbuzi, tupatane. Ulikufa kabla ya msimu wa saba. Kwa hiyo wakajua, au wakadhani wanajua.

"Kama hukuiba," Nzuki akasema, "nini kilimuua?"

"Daktari aliandika figo."

"Figo," akarudia, kama mtu anayejaribu neno la kigeni. Kisha akalia, mzee yule, na mimi sikuweza kunyanyuka kumshika.

Sasa sikia nililolificha. Si Biblia iliyonizuia. Niliitumia kama mlango wa kujificha nyuma yake. Mimi, mwalimu na mzee wa kanisa, nilikiamini kithitu, na nilikiogopa kwa ajili yako. Ningeweza kuapa kwamba mikono yangu ni safi. Lakini Nzuki alitaka niape kwamba kura hazikuguswa, na nilizijua kura zile hadi mlango wa ukumbi tu. Ndani sikuingia. Yaliyotendeka huko siyajui hadi leo. Nilihofia niape neno nisilolijua, nawe ulilipe. Niliona haya kukuambia kwamba naogopa, ukaenda ukaapa neno lilelile.

Nilidhani unanihukumu, kumbe ulikuwa umeyaweka maisha yako rehani kwa ajili yangu, unanipakulia chakula, unahesabu mvua. Ungeniuliza, ningekueleza habari za ule mlango. Ningekueleza, usingeapa.

Mungu niliyemtumikia tangu ujana nimemuuliza kama ni figo. Hajanijibu. Pengine atanijibu nikiwa mbele yake, lakini kwanza nitakutafuta wewe.

Pumzika, Mama Mwikali. Sitakawia.

Mumeo,
Baba Mwikali