Mtasema Amekaa Chini

Umoja, Nairobi

Dada yangu Truphosa,

Kabla hujasoma zaidi, weka hicho kikombe mezani na ukae vizuri. Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya familia yote ya hapa Umoja, nakutangazia rasmi kwamba Jumamosi iliyopita, mbele ya mke wangu, binti yangu na paka wa jirani, mbwa wetu Mtasema aliambiwa "kaa", akakaa. Hakupigwa. Hakutukanwa. Wazee wa ukoo wajulishwe.

Sisi hatujambo, ila kitambi changu kinazidi kunitangulia mlangoni. Goti lako linaendeleaje? Ng'ombe amezaa ama bado anatuzungusha? Na mahindi ya shamba la chini, yalipona ile mvua ya mawe? Nijibu yote, usinijibu la ng'ombe peke yake kama kawaida yako.

Najua kilichokufikia. Binamu yetu Ezekieli alikupigia akakwambia mbwa uliyenipa aliwavamia watu wa kanisa wakiabudu nyumbani kwangu, tena akachafua sebule. Ukanipigia ukaniuliza kwa ile sauti ya marehemu Mama, "Zablon, umemfanya nini mbwa wangu?" Nikakwambia mtandao ni mbaya, sikusikii. Mtandao ulikuwa mzuri.

Unamjua Mtasema. Geti letu tunalitumia wapangaji wote, na kwake kila anayeingia ni mwizi hadi athibitishe vinginevyo. Mwezi uliopita alimrukia jirani wa juu akamrarulia mfuko wa sukuma wiki. Mama Shiru, mwenye ploti tunamopanga, akaja hadi mlangoni kwangu, akasimama mbali. "Baba Linet, huyu akimrukia mtu mwingine, ataondoka. Mimi sitaki kesi."

Aondoke aende wapi? Huko kwako ndiko kuna yule jirani aliyetega sumu iliyowamaliza ndugu wote wa Mtasema. Huyu ndiye wa mwisho katika uzao wa mbwa wa Mama, hata jina ni la Mama, aliyekuwa akiwapa mbwa majina ya kuwasuta majirani na kuyaita kwa nguvu jioni ili ua mzima usikie.

Mimi dawa nilikuwa nayo, ile ya kwetu: fimbo ya mpera nyuma ya mlango. Lakini binti yangu Linet, ambaye amemaliza chuo na anangojea kazi, alikuwa ameangalia kwenye simu mafunzo ya watu wanaofundisha mbwa bila kuwapiga.

"Baba, ukimchapa Mtasema kila mgeni akiingia, anachoshika ni kwamba wageni wanamletea kichapo. Ndiyo maana anawachukia."

"Kwa hivyo nimwagizie soda?"

"Maini. Akitulia, anapata maini."

Maini, Truphosa! Katika nyumba ambayo baba mwenyewe huonja maini Krismasi!

Basi akaanza. Anayakata vipande kama punje ya maharagwe. Mbwa akikaa, Linet anagonga viganja kofi moja, pa! na papo hapo anampa kipande. Kofi ndilo linalomwambia mbwa: hilo, hilo hilo ulilofanya sasa hivi, ndilo ninalotaka. Akiruka, Linet anampa mgongo, kimya, kama wifi yako Jerida nikichelewa kurudi.

Sikuamini hata kidogo. Kwanza nilishuku maini yenyewe, kwamba nusu yalikuwa yanaishia kwenye sufuria ya Linet. Halafu nikashuku mafunzo. Nikamwambia Jerida, "Huyu akishazoea kulipwa ili anyamaze, siku mwizi akija na nusu kilo si atamfungulia geti?" Jerida akaniambia nikaoge.

Zaidi nilimshuku mbwa. Kwa Linet alikaa, akalala, akangoja. Nikitoka kazini kule mtaa wa Baba Dogo na kuingia tu, anapita kando ya ukuta na kujificha chini ya meza, huku akinitazama kwa jicho moja. Nikasema, mnaona? Huyo anaficha kitu. Asiye na kosa angekimbilia wapi?

Alhamisi ikawa zamu yetu ya ibada ya nyumbani. Watu wakajaa, na Mama Shiru akaja pia, akachagua kiti cha karibu na mlango. Mtasema tulikuwa tumemfungia jikoni. Ombi la kwanza likapita salama. Halafu ukaanzishwa wimbo, na sisi unatujua, wimbo bila makofi hatuuiti wimbo.

Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo. Huko jikoni mbwa alisikia watu kumi na zaidi wakimwambia kwa pamoja kwamba amefanya vyema.

Mlango wa jikoni haukustahimili. Ezekieli alipanda juu ya kochi na viatu vyake. Mtasema hakumrukia mtu, Dada. Alikwenda kwa wa kwanza anayepiga makofi, akakaa mbele yake, akangoja. Hakuna maini. Akaenda kwa wa pili. Wimbo ukafa, isipokuwa kwa Mama Respa, mwinjilisti wetu mzee, ambaye macho alikuwa ameyafumba na makofi anaendelea. Mbwa akakaa hapo kama mshirika wa siku nyingi.

Kisha akamwendea Mama Shiru. Mikono ya yule mama ilikuwa imebaki hewani, haipigi wala haishuki, mandazi yake ya chai yako kwenye sahani mapajani.

"Aki Mama Shiru, mpe tu mandazi," Linet akamwambia polepole. "Amekaa. Anangoja."

Akamega kipande, akakishika kwa ncha za vidole. Mtasema akakichukua kwa midomo, meno hayakumgusa.

"Kumbe ana adabu," Mama Shiru akasema.

Nisalimie shemeji, mwambie ile redio yake bado naitafutia fundi. Msalimie mama mkwe wangu ukikutana naye sokoni, na mchungaji wetu wa zamani. Linet anasema, Shangazi, usimwamini Baba.

Hapa ndipo nilipotaka kutia sahihi. Lakini utaniuliza ile sebule ilichafukaje, na Ezekieli alikukatia habari hapo kwa kunionea haya.

Mbwa alipokuwa anatafuna mandazi, mimi nilikuwa nimeshachukua fimbo nyuma ya mlango. Nilikuja katikati ya watu nimeiinua. Mtasema akageuka, akaniona. Akajilaza bapa sakafuni, mkia ameufyata, akakojoa hapo hapo juu ya mkeka wa Jerida. Hakukimbia, hakunguruma. Alifumba macho tu.

Mama Shiru aliangalia mkojo, akaangalia fimbo, kisha akaniangalia mimi.

"Kumbe ni wewe, Baba Linet," akasema.

Mbwa amekubaliwa kubaki. Fimbo Jerida aliivunja akachemshia chai, na chai hiyo nilipewa ya kwanza.

Aliyemwambia "kaa" Jumamosi nilikuwa mimi. Ilichukua asubuhi nzima. Alikaa mbali, karibu na mlango, ananitazama vile nilivyokuwa nikimtazama yeye. Nikapiga kofi. Akaja, akachukua ini kwenye vidole vyangu, akarudi mbio kwa Linet. Bado ananishuku, na nimemwacha anishuku.

Ndimi mdogo wako, anayekaa chini akiambiwa,
Zablon