Zamu ya Nduku

Jumamosi, 4 Oktoba

Bamia tena. Kreti zimepangwa mpaka mlangoni mwa kiwanda. Wanawake wote wamefika mapema, hakuna aliyechelewa. Siku za malipo wanajikokota, siku ya bure wanakuja wakiimba.

Ni mimi niliyeiita kazi ya Jumamosi mwethya. Mwezi wa nane meneja alitaka Jumamosi zifanyiwe kazi bila malipo, maana mzigo unaruka Jumapili na mnunuzi wa ng'ambo hangoji mtu. Akaniuliza nitawaambia nini hawa wamama. Nikamwambia usiite kazi, iite mwethya. Huku kwetu ukiitwa mwethya huulizi malipo. Unabeba jembe unaenda, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na zamu yako ikifika wote wanakuja kwako. Meneja si Mkamba. Alicheka mpaka akakohoa. Nilijiona mjanja. Bado najiona.

Mikono yao inawasha, yale manyoya ya bamia. Wanajikuna kwa viwiko. Glavu ziko stoo, ni za siku ya wageni.

Jumatatu, 6 Oktoba

Katalina hakuja Jumamosi. Eti mtoto alikuwa na homa. Leo nimemwambia aproni zimeisha. Zilikuwa zimening'inia nyuma yangu na aliziona. Bila aproni huingii. Alisimama kidogo akaenda zake.

Juu ya kichwa changu iko ile karatasi ya mnunuzi, ndani ya fremu, kwa Kiingereza. Mambo anayotaka kwa kila anayemuuzia mboga. Watoto wasiajiriwe, watu wavae glavu, vyoo viwe safi. Kifungu cha nne kinasema kazi yote iwe ya hiari. Basi ni ya hiari. Na aproni ni hiari yangu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nduku amenifuata mpaka chooni. Mtu mzima. Shamba lake limepakana na la Mama, kule mteremkoni, na ndiye aliyenifundisha shule ya Jumapili nikiwa sina meno ya mbele. Sasa anafunga bamia na mimi ndiye mwenye filimbi ya msimamizi. Alitaka kujua kiwanda kitakuja kwake lini.

Sikuelewa. Akanieleza polepole, vile alivyokuwa akitueleza habari za Nuhu. Mwethya wa kijiji siku zote ulikuwa Jumamosi. Zamu iliyokuwa inafuata ni yake, halafu ya Mama. Matuta yake ya fanya juu, yale ya kuzuia maji, yamebomoka, na mvua ikija maji yatashuka katikati ya shamba hadi jikoni. Lakini tangu Agosti wanawake wako kiwandani kila Jumamosi, kwa hiyo zamu imesimama. Yeye halalamiki. Wamefanyia kiwanda Jumamosi tisa. Anauliza tu, kiwanda nacho kitaenda kwake lini, maana mvua haiko mbali.

Nilitaka kucheka. Nikamwangalia usoni, hakuwa anatania. Nikamwambia watakuja kabla ya mvua. Ilinitoka tu kama salamu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kumbe wote wanaamini. Mezani ndiyo hadithi yao. Wanapangana nani ataleta sururu, nani atasonga ugali, nani atamfundisha meneja kushika jembe. Wanacheka mpaka machozi. Wamefunga kreti nyingi kuliko wiki jana.

Nimemwambia meneja. Akasema wape tarehe, tarehe hailipiwi. Nikawapa Jumamosi ya tarehe ishirini na tano. Wakapiga vigelegele. Nduku akaniombea baraka mbele ya watu wote, na mimi nikainamisha kichwa nikasema amina.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mkaguzi wa mnunuzi anakuja Jumanne. Meneja amenionyesha barua yangu ya ajira ya kudumu. Imepigwa chapa, imebaki sahihi. Tukipita, ni yangu. Miaka sita nimekuwa kibarua mwenye filimbi, naweza kufukuzwa kabla ya chai.

Choo kimepakwa rangi. Sabuni imewekwa. Glavu zimetolewa stoo. Nimewapanga mstari nikawauliza maswali ya mkaguzi. Mnalazimishwa? Hapana. Mnafanya kazi bila malipo? Hapana. Hilo la pili nilikuwa nimejiandaa kuwafundisha, nikakuta wanalijua. Hawadanganyi. Kwao mwethya si kazi, nani alipwe kwa mwethya? Nilimshukuru Mungu, halafu nikaona haya kumtaja. Haya yenyewe haikukaa.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mashujaa. Kenya nzima imepumzika. Sisi tumesugua sakafu.

Jumanne, 21 Oktoba

Mkaguzi ni mwanamke wa Nairobi, mpole, buti safi. Mkalimani wake wa Kikamba aliugua njiani akabaki Emali. Majina aliyachagua mwenyewe kwenye rejista. La tatu likawa Nduku.

Alimwambia aongee lugha anayoisikia vizuri. Kiswahili cha Nduku ni cha sokoni, akachagua Kikamba. Mkaguzi akaangalia huku na huku. Meneja akanisukuma mbele. Kanuni zao zinakataza msimamizi kukaa kwenye mahojiano, na yule dada alijua, nilimwona akisita. Kisha akaangalia saa. Alikuwa na viwanda vingine viwili leo.

Nduku alisema kila kitu. Mikono juu ya magoti, glavu mpya zimemkaa kama za kuazima. Alisema wamefanyia kiwanda mwethya Jumamosi kumi na moja na hawajuti. Alisema matuta yake hayatashika maji hata siku moja. Akauliza, Jumamosi hii mnakuja kweli?

Nikatafsiri. Anasema anapenda kazi yake. Anasema kiwanda na kijiji ni kitu kimoja. Anakukaribisha nyumbani kwake Jumamosi.

Mkaguzi aliguswa. Akaweka mkono kifuani. Akasema kanuni haziruhusu kukubali mwaliko wa mfanyakazi, nimwombee radhi. Nikamgeukia Nduku nikamwambia kwa Kikamba, amesema watakuja.

Nduku akamshika mikono yote miwili. Mkaguzi naye akamshika. Walitazamana wakitabasamu na mimi niko katikati yao. Nafasi ya kusema ukweli ilikuwepo. Nilifikiria barua.

Alhamisi, 23 Oktoba

Tumepita. Ripoti imesema uhusiano wetu na wanakijiji ni wa kupigiwa mfano. Nimeisoma hiyo sentensi mara tatu. Maneno ni yangu, mkaguzi amenyoosha tu Kiingereza.

Barua nimepewa. Meneja alinishika mkono. Glavu zimerudi stoo na ufunguo ninao mimi.

Jumamosi, 25 Oktoba

Oda imeongezwa. Meneja amesema hakuna kutoka. Nimewaambia mwethya wa Nduku umesogezwa wiki moja. Wakavaa aproni.

Nduku alikuwa ameloweka mahindi na mbaazi za watu wote. Ya kumlisha hata meneja. Akaniuliza ayafanyie nini sasa. Nikamwambia awape kuku. Mbona nilisema vile sijui. Nilikuwa nimechoka na ule uso wake wa kungoja.

Jumatano, 29 Oktoba

Mvua. Ilianza jana jioni na haikupumua. Asubuhi Nduku hakuwa mezani. Nikamwandika hayupo.

Saa sita habari ikafika. Maji yalipita palepale alipokuwa anapaonyesha kwa kidole. Udongo wote wa juu umeteremka mtoni, na mbegu alizopanda kwenye vumbi zimeenda nao. Jiko limeanguka. Pojo zake za mwaka zilikuwa kwenye debe ndani ya jiko. Yeye ni mzima.

Wanawake wamefunga bamia bila kuimba. Nikawaambia waimbe. Hawakuimba.

Mama amepiga simu. Matuta yake yameliwa pembeni lakini yamesimama. Mvua moja nyingine kama ile, anasema, naye ataenda njia ya Nduku.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nduku amerudi kazini na matope makavu miguuni. Meneja alikuwa ameshasema, siku mbili bila taarifa, nafasi apewe mwingine. Alisema yeye lakini aliyefikisha ni mimi. Nilisimama mlangoni nikamwambia. Hakuomba.

Aliuliza kitu kimoja tu. Yule mgeni alisema nini hasa? Nikamwita mwaitu, mama, nikasema yaliyosemwa yamesemwa, nenda nyumbani upumzike. Alinitazama. Nilipokuwa mtoto nikiiba sadaka alikuwa ananitazama vile, na nilikuwa nafungua mkono mwenyewe. Leo sikufungua. Lakini nafikiri aliona.

Jumamosi, 1 Novemba

Wamekuja kumi na wawili tu. Katalina kapita nje ya lango na jembe, hakugeuza hata shingo. Siwezi kuwanyima aproni wote ambao hawakuja, bamia atafunga nani? Mzigo haukutimia. Meneja amenifokea mbele ya dereva wa lori.

Jumamosi, 8 Novemba

Kiwanda kimefungwa wiki nzima. Maji yamekata barabara, lori haliwezi kutufikia, bamia zimeozea shambani.

Mwethya wa kijiji umerudi siku yake. Kwa Nduku hakuna cha kuchimba, ni mwamba mtupu. Amewaambia wamruke waende zamu inayofuata. Inayofuata ni ya Mama. Jumamosi ijayo.

Mama amefurahi kama msichana. Ameshanunua chumvi na vitunguu, anataka nije nimsaidie kupika. Hajui kitu. Mimi naogopa hawatakuja, na mvua itachukua shamba lake kwa ajili yangu. Halafu naogopa watakuja.

Jumamosi, 15 Novemba

Walikuja. Wote, kabla jua halijatoka. Nduku mbele na sururu begani, Katalina nyuma yake. Hata wale ambao mama zao ni wagonjwa.

Sijawahi kuona mwethya wa namna ile. Kwa kawaida ni kelele, utani, mtu anamcheka mwenzake vile anavyoinama. Leo majembe tu ndiyo yaliyosikika. Walichimba matuta matatu kutoka mpaka hadi mpaka, udongo wakiurusha juu, wakaupiga kwa miguu ukakaza. Kazi safi kuliko ya wanaolipwa. Niliwapelekea maji. Walikunywa ya vibuyu vyao. Hakuna aliyenitukana. Nilitamani mtu anitukane.

Saa saba tukapakua. Sufuria mbili za isyo, mahindi laini na mbaazi, na jogoo wa Mama. Mama alitandika mkeka mwenyewe, chini ya paa la baraza. Kwenye mwethya chakula ndicho shukrani, na tangu nizaliwe sijaona mtu akiondoka bila kula. Kukataa chakula cha mwethya ni kusema boma hili halina watu.

Wakaosha majembe. Wakaja mmoja mmoja kumuaga Mama, kwa mikono miwili, kwa heshima yote, wakapita kando ya mkeka wakaenda. Nduku alikuwa wa mwisho. Alimwambia, zamu yako imetimia, Mbithe, hutapoteza udongo. Sahani zilikuwa zinatoa moshi. Hakuna hata moja iliyoguswa.

Mama hakuwaangalia wakishuka. Aliniangalia mimi. Akauliza, Wayua, umewafanya nini watu wangu?

Nikamwambia. Nilianza na aproni ya Katalina nikamaliza na mahindi ya kuku. Nilipomaliza akavua kanga aliyokuwa amejifunga kwa kupikia, akaikunja, akaingia ndani. Yeye pia hakula.

Jumapili, 16 Novemba

Mama ameenda kanisani bila kuniamsha. Nilimsikia akifunga mlango polepole.

Alfajiri ilinyesha kiasi. Nimetembea shambani. Maji yamelala nyuma ya kila tuta, hayajateremka popote. Ukisimama juu kabisa unaona kwa Nduku, mawe meupe mpaka chini.

Meneja ametuma ujumbe. Barabara imetengenezwa, kesho tunafungua, na Jumamosi kuna mzigo. Wakikataa mwethya tuitafutie kazi hiyo jina lingine, anasema, wewe ndiye unajua watu wako.

Sahani bado ziko mkekani vile tulivyoziacha. Nimechukua moja, nimekula nikiwa nimesimama. Isyo ni baridi na imeanza kuchacha. Nimemaliza yote nikaosha sahani.