Mama, Nimepanda Lengalenga

Mama,

Wiki hii nguruwe pori wameingia bustani yako ya mtoni, tena mchana kweupe, jua la utosi. Sikutaka kuanza na habari mbaya, lakini wewe mwenyewe hukumpenda mtu wa kuzungukazunguka. Matuta yote saba wameyafukua. Nyanya zilizokuwa zimeanza kutoa maua, mbilingani, bamia, hata ile miche ya shu, kabichi zako, niliyoifunika kwa makuti ya mchikichi, yote imekwenda. Hiki ni kiangazi cha kwanza tangu tulipokuzika, na mimi nilitaka tu nikutunzie bustani isife mikononi mwangu.

Nilipiga kelele, nikapiga sufuria. Wakaniangalia tu. Ulikuwa ukisema nguruwe wa huku kijijini Wamaza wanazijua nyumba za Waislamu, ndiyo maana wakifika kwetu hawana haraka. Nilicheka kidogo, peke yangu pale kwenye udongo. Kisha nikaacha, maana nilikumbuka neno lako lingine: “Nyama ya pori ikikuja muchana, usiulize inafuata nini. Uliza inakimbia nini.”

Papa Donati, jirani yetu mwindaji, yeye angewala bila kuuliza dini yao. Lakini alikwenda kuangalia mitego yake ng'ambo ya kilima akarudi mikono mitupu, akafunga mbuzi wake karibu na mlango. Na pikipiki za kutoka Salamabila, zile zinazopita kila siku na magunia ya maharagwe na watu watatu mgongoni, leo ni siku ya saba hatujazisikia. Barabara imenyamaza. Huwezi kujua kelele ile ilikuwa inakutuliza mpaka imekatika.

Basi nilifanya kitu gani? Nilipanda upya. Mtu akiharibiwa chakula katikati ya kiangazi, na mvua bado iko mbali, anafanya nini kingine? Nikateremsha ile chupa yako ya mbegu inayoning'inia juu ya moto. Za nyanya nilikuwa nimezimaliza, za mbilingani pia. Iliyobaki ni lengalenga, mchicha wetu, Mama. Lengalenga tu. Nikasawazisha matuta yote saba, nikamwaga lengalenga, nikaenda kuteka maji. Sikufikiri. Naapa sikufikiri.

Kesho yake nilipokuwa namwagilia, nikamwona jirani yetu Mama Riziki amesimama ukingoni na ndoo yake, anahesabu matuta kwa macho. Hakunisalimu. Jioni nikapita kwake, nikamkuta mume wake anang'oa mlango wa nyumba. Unajua maana ya mlango kung'olewa: unakwenda kufichwa porini, kabla mwenyewe hajaondoka.

“Mama Sifa,” Mama Riziki akaniambia, “unajua kitu gani? Utuambie na siye. Tumeona shamba yako.”

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mwaka ule wa vita tulipokimbilia Kasongo, watu waliisoma bustani yako kama wengine wanavyosikiliza redio. Nyanya zinataka miezi mitatu, kwa hiyo ulipopanda nyanya, walilala kwa amani. Lengalenga unachuma baada ya wiki tatu. Wakasema, na mpaka leo wanasema: “Mutu anapanda lengalenga tu, iko anaaga.” Nguruwe walikuja mchana, wewe ukapanda lengalenga, watu wakafunga mizigo. Waliobaki walijuta. Nasi tuliotoka, tulimzika mdogo wangu Amisi kando ya njia, miezi minne tu duniani, na tuliporudi hatukupaona tena mahali penyewe. Miaka yote ile hukula lengalenga. Ulitupikia, ukatupakulia, wewe ukala ugali na chumvi.

Nikamwambia Mama Riziki ukweli, kwamba nilikosa mbegu, hakuna kitu kingine. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayedanganywa kwa heshima.

“Hata mama yako alisema vile vile.”

Nimeibeba sentensi hiyo siku nne. Mama, ulijua? Au na wewe ulikuwa umekosa mbegu tu, nguruwe wamekula, chupa imebaki na lengalenga, na kijiji kizima kikatoka kwa sababu hiyo, na Amisi pamoja nacho? Hukuniambia hata siku moja. Nina hasira na wewe, acha niseme. Mtu hafi na jambo kama hilo moyoni akamwachia mwanawe chupa.

Nami sina nafasi ya kukosea. Sifa, mjukuu wako, yuko karibu kujifungua, tumbo limeshuka, anatembea ameshika kiuno. Pikipiki hazipo. Nikisema tukimbie bure, nitamtembeza njia ile ile kwa ajili ya mbegu. Nikisema tukae, na kitu kiko nyuma ya kile kilima, nitakuwa nimewakalisha watu wote.

Juzi asubuhi nikakata miti ya mihogo nyuma ya nyumba, nikaichomeka katikati ya matuta, juu ya lengalenga, hadharani. Si majira yake, najua, na pale si mahali pake. Lakini muhogo unataka mwaka mzima, na mtu anayepanda muhogo anakaa. Walikuja kuangalia mmoja mmoja. Jana mume wa Mama Riziki alirudisha mlango wake, nikausikia ukigongwa misumari, na roho ikatulia. Nikalala vizuri, Mama. Nisamehe, nililala vizuri.

Leo mchana nguruwe wamerudi. Wengi kuliko mara ya kwanza, na wadogo wao. Nilikuwa na ndoo mkononi. Lengalenga imeshachipua, laini, inapendeza. Miti ya mihogo iko pale pale. Hawakugusa hata jani moja. Hawakufukua. Walipita katikati ya matuta mbio, wakavuka mto, wakaendelea upande wa Kasongo, hakuna aliyegeuka nyuma.

Nimekaa chini nikuandikie haya kwanza, kwa sababu nikiondoka hapa sijui nitaandika lini. Sasa nakwenda kwa Mama Riziki kumwambia mlango ushuke tena. Nitamwambia ni mimi niliyemdanganya kwa mihogo. Halafu kwa Papa Donati, akate miti miwili mirefu tumtengenezee Sifa kipoyi. Hatatembea. Tutambeba kwa zamu, wanaume wakichoka nitabeba mimi.

Mbegu zilizobaki nimezifunga kwenye pembe ya kitenge. Miti ya mihogo naiacha. Wewe mwaka ule hukuacha kitu ardhini, na muhogo ndicho chakula kinachojua kumngoja mtu. Mtoto wa Sifa hatazikwa njiani, Mama. Nakuahidi hilo kabla ya yote. Na tukirudi, nitamleta yeye mwenyewe aung'oe muhogo huo.

Baki na amani huko uliko. Utuombee njia.

Mwanao,
Zaina